Maji Yaliyoiva

Wiki tuliyomzika Papa, kilichoninyima usingizi hakikuwa kile kilichowanyima wengine. Watu walilia kwa sababu ameondoka mapema, kwa sababu Mama anabaki peke yake, kwa sababu ya dawa iliyochelewa kufika. Mimi nililala macho wazi nikiwaza mabega. Nilipokuwa mtoto nilimwona Papa akiwa ametugeuzia mgongo, mkono umefunika mdomo, mabega yanatikisika, na niliamini kwamba analia. Sasa sikuwa na hakika. Kama siku ile hakuwa analia, basi alikuwa anacheka. Kama alikuwa anacheka, basi alijua. Na kama alijua, sikuelewa tena ni nani tuliyekuwa tumemfukia udongo.

Najua ni jambo dogo. Wenzangu niliomaliza nao chuo husema diploma yangu halisi ni ya wasiwasi, ile ya biolojia ni nyongeza tu. Na kwa kuwa siku hizi hakuna anayeajiri, zote mbili zinalala pamoja katika bahasha moja. Lakini jambo hili sikulitafuta. Lilirudi na harufu. Wanawake wa shirika letu, yaani majirani tunaosali nao nyumba kwa nyumba, walikuwa wanaosha mabeseni ya kilio nyuma ya nyumba kwa javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, na harufu yake kali ikapita dirishani ikanishika kooni. Nilikuwa nimeingia chumba cha vyombo kutafuta viti. Pale konani kulikuwa na sanduku la kioo la Papa, lina ufa upande mmoja, limejaa vitunguu na mifuko iliyokunjwa. Javeli na kioo kile vilipokutana nilirudi kuwa mtoto, nimepiga magoti juu ya sementi, pua imebanwa kwenye kioo.

Papa alikuwa karani katika ofisi ya mabato, yaani meli za ziwani, yanayokwenda Bukavu. Patro wake, yaani bosi wake, mgeni aliyekaa Goma muda mrefu, alipokuwa anarudi kwao alimwachia kitu ambacho hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kuwa nacho: nyumba ya samaki. Ililetwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imezungushiwa blanketi, Papa akitembea kando ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayemsindikiza mgonjwa, na kila gurudumu la mti lilipogonga jiwe la volkeno alifunga macho. Nyuma yake lilikuja pipa la plastiki, na ndani ya pipa walikuwamo samaki wenyewe, wekundu, mikia yao kama vitambaa vya arusi. Walikuwa bado katika maji yao ya zamani, yenye rangi ya chai nyepesi. Pamoja nao kulikuwa na sponji nene, rangi ya udongo, yenye utelezi. Papa aliiinua akanipa ninuse. Nilikunja pua mapema, nikitegemea uvundo. Haikunuka. Ilikuwa na harufu ya shamba baada ya mvua.

"Hii ndiyo roho ya kitu," Papa alisema. "Musiichezee."

Aliyeshika upande wa pili wa pipa alikuwa Sifa. Wazazi wake walikuwa wafugaji katika milima ya Masisi mpaka vita vilipowashusha. Ng'ombe walibaki huko, watu wakafika Mugunga na kulala chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kambini. Mama alikutana na mama yake kanisani, wakaelewana: Sifa akae kwetu, asaidie kazi za nyumba, sisi tumsomeshe. Alikuwa mkubwa kwangu. Nilimwita Yaya, ambayo kwetu maana yake ni dada mkubwa, na tulilala kitanda kimoja, miguu yake baridi ikitafuta yangu. Alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Sketi yake ya bluu aliifua kila jioni, na ikishakauka aliilaza chini ya godoro ili asubuhi iwe imenyooka. Mtu aliyerukaruka juu ya kitanda kile alikuwa anatafuta vita.

Kesho yake Papa alitumwa Bukavu na kazi. Alikuwa mlangoni, mfuko begani, anatazama saa, ndipo Mama alipomuuliza juu ya lile pipa lililoziba njia ya jikoni.

"Samaki zibaki mule mule," Papa alisema. "Mutie maji mu ile sanduku ya vitre, na ile eponje. Patro alisema vile: maji inapashwa kuiva mbele ya kutia samaki."

"Kuiva?"

"Kuiva, ndiyo. Iive muzuri."

"Basi nitaangalia."

"Mama Mireille, unisikie. Kama haikuiva, samaki itakufa yote. Bato inaniacha!"

Akaenda, neno lile moja likabaki katikati ya nyumba.

Leo ninaweza kukaa na neno hilo mchana kutwa. Ndizi huiva ikiwa imetulia, haiguswi na mtu, inapewa muda tu. Maharagwe huiva motoni. Neno ni moja, lakini mwenye shamba analisikia hivi na mwenye jiko analisikia vile. Mama yangu alikuwa mwenye jiko, na alikuwa na sababu ya kuyaogopa maji mabichi. Kabla yangu kulikuwa na mtoto wa kiume. Alikunywa maji ya ziwa katika msimu mbaya, akaanza kuhara asubuhi, na kabla jua halijazama Mama hakuwa tena na mtoto. Tangu hapo hakuna tone lililonywewa nyumbani kwetu bila kupita motoni, na hakuna kitu kilichowekwa kabatini bila javeli. Hata kule ziwani, ambako vijana husimama ufukweni na bomba la sindano na kutia dawa ya klori katika kila bidoni ya maji kabla hujaibeba, yeye aliwaambia waongeze. Kwa hiyo aliposikia kwamba maji yanapaswa kuiva, hakuona ajabu. Aliona kwamba mwishowe Papa ameanza kupata akili.

"Sifa! Washa mbabula zote mbili. Papa anasema maji ya samaki iive."

"Yote, Mama?"

"Yote. Na ile eponje ya takataka uichemushe pia, kisha uilaze mu javel. Iko na mikrobe mule ya kumaliza parokia muzima."

"Papa alisema tusiichezee," nilisema mimi.

"Nani anacheza hapa? Ninaosha."

Basi Sifa alichemsha. Alirudi kutoka shuleni, akavua sketi, akaketi kati ya mbabula mbili, majiko yaliyojaa makaa, daftari la hesabu juu ya goti, macho mekundu kwa moshi. Sufuria ilipotokota aliimimina katika beseni, akaifunika, akaweka nyingine. Mvuke ulijaa jikoni mpaka kuta zikatoka jasho. Ile sponji ilitoka motoni imesinyaa, ikatoka katika javeli imegeuka njano ya maziwa, kama kitu kilichonunuliwa asubuhi ile dukani. Mama aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafurahi kabisa.

"Muone! Sasa ni kitu ya watu."

Maji yalipopoa tuliyatia katika kioo. Yalikuwa safi hata ungefikiri sanduku ni tupu. Tuliwahamisha samaki, na maji yao ya zamani Sifa aliyamwaga kwenye lengalenga nyuma ya nyumba. Ninakumbuka mboga ile ilivyonenepa baadaye, majani mapana ya kijani kizito, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Juma lile shirika lilisali kwetu. Watu walielekeza nyuso kwa picha ya Bikira Maria na macho kwa samaki. Mama Solange, jirani wetu wa ukuta mmoja, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea, alikatiza litania kwa kukohoa.

"Kumbe Mama Mireille siku hizi munafuga mboga mu saloni!"

Kila mtu alicheka. Sifa alikuwa anapita na sinia ya chai, na kicheko kilimpa ujasiri.

"Hizi samaki ziko na bahati," alisema. "Ziko na nyumba ya vitre. Mama yangu yuko na ya shitingi, na inavuja."

Walicheka zaidi, mpaka chai ikamwagika juu ya kitambaa cha meza. Mama naye alicheka, akijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Ninasisitiza hilo kwa sababu kicheko kile kilirudi baadaye kimevaa nguo nyingine.

Kila mgeni aliwatupia samaki mkate, kwa furaha ya kuwaona wakiugombania. Kisha, siku chache baadaye, samaki walianza kupanda juu. Walikaa mstari, midomo ikigusa uso wa maji, ikifunguka na kufunga, ikifunguka na kufunga, bila kuchoka. Mimi nilikuwa nimewaona wazee wa shirika wakisema rozari kwa midomo bila sauti, kwa hiyo nilielewa mara moja.

"Yaya, kuya uone! Wanasali!"

Sifa alikuja, akatazama, naye akaamini, au alitaka niamini. Tulipiga magoti mbele ya kioo, tukawasaidia kwa Salamu Maria. Walikuwa wanakosa pumzi. Tuliwaongozea sala huku wakikosa pumzi, na nilijivunia kwamba nyumba yetu ina samaki Wakatoliki.

Maji yakawa meupe, kama ya kuoshea mchele. Wa kwanza alipolala ubavu nilifikiri anapumzika. Kisha wengine, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka Mama akasimama katikati ya saloni na chujio la chai mkononi, hajui aanzie wapi. Uvundo ulifika kwa Mama Solange, na Mama Solange akaufuata mpaka kwetu.

"Samaki haifi bure," alisema. "Hii maji nani aliitengeneza?"

"Ni Sifa."

"Ah."

Mama akamtazama. "Ah nini?"

"Mimi sisemi kitu, Mama Mireille. Ninauliza tu. Si ni ule alisemaga samaki iko na bahati kupita mama yake? Munaleta watoto wa kambi mu nyumba, munajua roho yao?"

Sifa aliitwa. Alikuja akiwa bado na sare ya shule.

"Nilichemusha, Mama. Vile mulisema."

"Na javel?" Mama aliuliza. "Uliitia mu maji?"

"Mu eponje tu. Nilisukutua."

"Ao uliitia makusudi?"

"Mutu atatia sumu samaki juu ya nini, Mama? Hata hatuzikule!"

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa masikio ya Mama Solange lilikuwa ujeuri. Jioni ile Mama alipika mwenyewe. Aliifunika sufuria, akavuta kigoda, akaketi kando yake mpaka chakula kikaenda mezani. Sifa alisimama mlangoni pa jikoni, mikono haina kazi, akiitazama sufuria ile jinsi mtu anavyotazama mlango uliofungwa kwa ndani. Kufikia Jumapili shirika zima lilikuwa linajua.

Papa alirudi akiwa na mfuko wa mapera ya Bukavu. Aliuweka chini taratibu. Kioo kilikuwa bado kimejaa maji meupe.

"Maji mulifanya aje?" aliuliza.

Sifa ndiye aliyejibu. "Nilichemusha, Papa. Mulisema iive."

"Na eponje?"

"Nilichemusha pia. Kisha javel."

Papa alimtazama Sifa, akamtazama Mama, halafu akatugeuzia mgongo. Mkono wake ulipanda ukafunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika.

"Usilie, Papa Mireille," Mama alisema, na sauti yake mwenyewe ilikatika. "Ni samaki tu. Huyu mutoto ndiye aliziua, shirika yote inajua."

Mabega yalisimama ghafla. Papa alibaki vile, mgongo kwetu, kwa muda ambao hata mimi mtoto niliuona mrefu. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na machozi kweli. Alitoka nje akaenda kusimama karibu na lengalenga.

Asubuhi moto, yaani pikipiki ya kukodi, ilikuja. Sifa aliketi katikati, nyuma ya dereva, mfuko wake wa nguo kifuani, na Papa nyuma yake. Nilifikiri wanakwenda sokoni, lakini Papa alirudi peke yake. Sketi ya bluu ilibaki chini ya godoro, imenyooka vizuri. Mwaka uliofuata Mama aliipunguza kiunoni, nami nikaivaa.

Miaka ilipita bila mtu kuzungumza juu ya samaki, isipokuwa Mama Solange alipohitaji mfano wa ubaya wa watu. Nilifika chuo. Siku moja, katika somo la viumbe wa majini, mwalimu alitueleza jinsi maji mapya yanavyotayarishwa kabla ya kufuga samaki. Samaki hujisaidia katika maji hayo hayo anayoishi. Uchafu wake ni sumu, na katika maji yenye magadi kama ya ziwa letu, sumu hiyo ni kali zaidi. Wanaomwokoa ni viumbe wasioonekana, bakteria, wanaojishikiza kwenye mawe, kwenye kioo, na hasa ndani ya sponji. Kundi moja hula sumu ya kwanza na kuigeuza nyingine. Kundi la pili hula hiyo nyingine na kuacha kitu ambacho samaki anaweza kukivumilia. Lakini hawaji kwa kuamrishwa. Wanataka majuma, na mtu asiye na haraka. Ni sawa na mashanza, yale maziwa ya kuganda: unaacha kidogo cha zamani ndani ya kibuyu, unaongeza mapya, unangoja. Ile sponji ya rangi ya udongo ndiyo ilikuwa kidogo cha zamani. Mikrobe aliyoiogopa Mama ndiyo ilikuwa dawa.

Kisha mwalimu akaandika ubaoni kwa Kifaransa kwamba maji na sponji huachwa yakomae, kama tunda. Aliandika *mûrir*.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Niliona mbabula mbili, kuta zinatoka jasho, Mama anainua sponji kwenye mwanga. Ili nisitolewe darasani niligeuka ukutani, nikafunika mdomo kwa mkono, na mabega yangu yakaanza kutikisika, na machozi yakatoka. Hapo kicheko kilinikauka. Niliutambua mgongo ule. Ulikuwa wa Papa.

Sikumuuliza kamwe. Nilijipa sababu nyingi, kama kawaida yangu. Labda umeme ulikatika na pampu ya hewa iliyokuja na kioo ikasimama. Labda mkate ulioza. Kuchemsha kwenyewe hakukuwa na ubaya mkubwa, hata kuliondoa ile klori ya ziwani. Labda alilia kweli. Niliyageuza yote hayo mpaka Papa akaugua, mpaka akawa hawezi tena kujibu maswali, na ndipo swali likapata nguvu.

Siku za kilio Sifa alikuja. Sikuwa nimemwona kwa miaka yote ile. Nilisikia tu kwamba aliolewa Ndosho na ana cherehani yake. Aliingia uani na kikapu cha maharagwe kichwani, mtoto mgongoni, akapiga magoti mbele ya Mama akampa pole. Mama aliipokea, akitazama mkeka. Halafu Sifa alifanya kile ambacho kila mwanamke hufanya penye msiba: alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa, akashika mwiko. Mama Solange aliuchukua kutoka mkononi mwake, akitabasamu.

"Acha, mama. Weye ni mugeni. Kaa tu, upumuzike." Na Sifa alipokwisha kupa mgongo: "Tusirudilie ile ya samaki."

Wanawake walicheka chini chini. Kicheko kile kile. Sifa alikisikia. Alikwenda kuketi kwenye kiti cha plastiki, upande wa wageni, kati ya wanaume.

Nilimvuta nyuma ya nyumba. Sikujua nianze wapi, kwa hiyo nilianza na bakteria. Nilimweleza yote, sumu ya kwanza na ya pili, sponji, majuma, kwa haraka, kama mtu anayefanya mtihani. Alinisikiliza huku akimbembeleza mtoto.

"Kwa hiyo weye ulienda université juu ya kujua kama sikuua samaki?"

"Hapana, Yaya, ninasema tu..."

"Mimi nilijua bure." Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na Papa yako alijua."

"Alikuambia?"

"Tulifika kule Mugunga, akaninunulia mandazi. Akasema: 'Mutoto wangu, patro alisema *mûrir*, sawa ndizi. Mimi nikasema kuiva. Kosa ni ya kinywa yangu.' Akacheka kidogo. Na mimi nikacheka, juu ya heshima. Nikamuuliza: 'Sasa, Papa, turudi?'"

"Akasema nini?"

"Akasema: 'Mama amekwisha kusema mbele ya shirika. Nikikurudisha leo, nitamufanya muongo mbele ya watu. Ungoje kidogo, nitakuya kukuchukua huku.'" Alimrekebisha mtoto mgongoni. "Basi nikangoja. Kila moto ilipita nilisimama. Nilingoja mpaka shule ikafunga. Kisha sikungoja tena."

Yeye ndiye aliyeuliza.

"Ile sketi yangu ya bluu, nani aliivaa?"

"Ni mimi, Yaya."

"Ilikutosha?"

"Ilinitosha."

"Muzuri. Nilikuwa naogopa panya waliikula."

Nilimuuliza kwa nini amekuja, baada ya yote hayo. Alisema amekuja kumlilia mtu aliyemlipia shule. Lile lingine alimwachia Mungu. Kisha akarudi kwenye kiti chake cha wageni, kwa sababu mtu akiondoka mapema kwenye kilio, watu wanapata tena la kusema.

Nilitumia siku zilizobaki kupima. Mama alikuwa mjane wa juzi. Papa hakuweza kujitetea. Kumwambia mwanamke aliyezika mtoto kwa sababu ya maji machafu kwamba safari hii usafi wake ndio ulioua, na lawama ikabebwa na mtu mwingine, huo ulikuwa ukatili wa namna gani? Na kunyamaza ulikuwa wa namna gani? Kila nilipofika mwisho wa hesabu nilianza upya. Asubuhi ya kumaliza kilio nilimkuta Mama chumbani akikunja kitambaa chake cheusi, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga.

"Mama, samaki za Papa. Sifa hakuziua."

"Leo, Mireille? Leo?"

Nilimwambia hata hivyo. Nilimwambia juu ya ndizi na maharagwe, juu ya sponji, juu ya yale Papa aliyosema Mugunga. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameacha kukunja. Hakuuliza juu ya Sifa.

"Alikuwa anacheka?" aliuliza.

"Nani?"

"Papa yako. Siku ile. Alikuwa anacheka?"

"Ndiyo, Mama. Nafikiri alikuwa anacheka."

Aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Nilijua. Siku mutoto wetu alikufa, hakutingisha mabega vile. Nikasema, mutu hawezi kulilia samaki kupita mutoto wake." Alikiweka kitambaa magotini. "Nilijua kuko kitu. Sikuuliza."

Kwa hiyo tulikuwa wawili, na pengine watatu, tuliolala miaka yote hiyo juu ya swali moja, katika nyumba moja.

"Mama, useme mbele ya watu. Leo wako wote."

"Niseme nini? Nilifukuza mutoto wa watu juu ya neno?"

"Ndiyo."

"Hapana." Alijifunga kitambaa, akakaza fundo. "Nimezika bwana wangu. Usinizike na mimi."

Akatoka. Nilibaki nimeketi juu ya kitanda chao. Nilikuwa tayari kuanza hesabu zangu tena, Mama huku, Sifa kule, kama Papa alivyozianza siku ile karibu na lengalenga, akingoja wakati mzuri ambao haukuja. Niliuona mgongo wangu mwenyewe. Nikasimama.

Uani sufuria ilikuwa juu ya mawe, na Mama Solange kando yake na mwiko. Sifa alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kati ya wanaume, mikono mapajani. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Samaki za Papa," nilisema, "hakuna mutu aliyezitia sumu. Papa alisema maji iive. Tulielewa kuchemusha. Yaya Sifa alichemusha vile tulimutuma. Papa alijua, na akanyamaza. Ni ile tu."

Mtu aliacha kumimina chai. Mama Solange alinitazama kama mtoto aliyevua nguo kanisani.

"Mireille, mutoto wangu, leo si siku ya ile."

"Ilikuwa siku gani, Mama Solange?"

Nilinyoosha mkono nikauchukua mwiko. Aliushikilia kidogo, kisha akauachia. Nilivuka ua nao, nikaenda mpaka kwenye kiti cha plastiki.

"Yaya," nilisema, "angalia kama imeiva."

Sifa hakuusogelea mwiko. Alimtazama Mama. Watu wote walimtazama Mama. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso wake mgumu, macho juu ya sufuria, na hakusema ndiyo wala hapana. Sifa alingoja hapo kwa muda. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akanipa mimi nimshike, akakaza kitenge chake, akauchukua mwiko. Alifunua sufuria, akatoa haragwe moja, akalibonyeza kati ya vidole viwili.

"Bado," alisema. "Mungoje."

Akaifunika, akasimama kando yake, mwiko mkononi. Na ua mzima ukangoja.